Kalikuti kwa Miguu: Siku za Malabar na Wenzangu wa Pwani

Jumatano usiku, Bengaluru

Treni ya Kannur iliondoka Bengaluru giza limeshaingia, na behewa letu la vitanda lilijaa wanafunzi wanaorudi makwao. Tulikuwa wanne: mimi wa Malindi, mwenzangu wa Tanga tunayesoma naye uhandisi, dada mmoja wa Unguja anayesomea ufamasia, na mwenyeji wetu, kijana wa Kozhikode ambaye tangu tujuane hajaacha kutuambia kwamba chakula cha Bengaluru si chakula. Alikuwa ameshapiga simu kwao kutoa habari za wageni. Mama yake aliuliza jambo moja tu: wanakula samaki? Mtanga aliposikia alicheka kwa sauti hadi abiria wa kitanda cha juu akachungulia.

Wanafunzi wengi wa kwetu wakipata likizo huku India hukimbilia Goa au Mumbai. Hamu yangu mimi ilikuwa Kozhikode, mji wa pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, ambao vitabu vyetu vya historia huuita Kalikuti. Nina sababu zangu, na mwenye kusoma ataziona huko mbele. Wenzangu niliwapata kwa hoja nyepesi zaidi: bahari, nazi na biriani.

Nilipitiwa na usingizi baada ya kupita Salem.

Alhamisi, mjini

Kilichoniamsha ni sauti ya muuza chai akipita kati ya vitanda: chaaya, chaaya! Nilifungua dirisha na hewa nzito yenye chumvi ikaingia, ile hewa ambayo mtu wa pwani huijua kwa ngozi kabla ya pua. Reli ilikuwa ikifuata mto Bharathapuzha, mchanga mwingi na maji kidogo kwa kuwa Januari huku ni kiangazi. Kote ni minazi, migomba, mifenesi, na nyumba za paa la vigae zilizojificha nyuma ya miembe. Dada wa Unguja alikaa dirishani hakusema neno, kisha akasema, "Jamani, mbona hii ni Bumbwini?"

Kwao mwenyeji ni Kuttichira, mtaa wa kale wa Waislamu wa Kozhikode, karibu na pwani. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, na mbele ya nyumba pana baraza ambapo wazee huketi na magazeti yao. Nyumba yenyewe ni kubwa kuliko inavyoonekana kutoka njiani: ua katikati, vyumba vimeuzunguka, ngazi ya mbao kwenda juu, milango mizito ya mbao. Ndani wanaishi watu wa vizazi vingi, na wote wamefungamana kwa upande wa mama. Nyumba ni ya mama, na kabla yake ilikuwa ya bibi mzaa mama. Baba wa mwenyeji wetu aliingia hapo kwa ndoa, na kila binti akiolewa hupewa chumba chake humo humo, mume akaja kwake.

Mwenyeji alianza kutueleza jambo hilo kwa uangalifu, kama mtu anayetarajia maswali. Hatukuwa na maswali. Nilimwambia kuwa Lamu baba mwenye uwezo humjengea binti yake nyumba, au humwongezea ghorofa juu ya nyumba ya mama, na mume ndiye anayehamia. Shangazi yangu aliolewa hivyo. Mwenyeji alimfasiria mama yake, mama akageuka kwa dada zake wawili waliokuwa jikoni, na kwa dakika kadhaa nyumba nzima ikawa inazungumza habari za Lamu.

Wao humwita mama Umma, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Umma hana Kiingereza cha kutosha, na hakuna kati yetu mwenye Kimalayalam. Lakini jikoni kwake pembeni kulikuwa na kigoda kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno uliochomoza mbele. Ni mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, ile ile, hata urefu wa miguu. Dada wa Unguja aliiona, akavua saa yake, akaikalia na kunyoosha mkono kuomba kifuu. Umma alisita kidogo, maana mgeni hapewi kazi, kisha akampa. Dada alikuna kwa mwendo wa kwetu, akizungusha kifuu kutoka ukingoni kuelekea ndani ili ile ngozi ya kahawia isiingie kwenye nazi, na Umma akasimama akitazama vidole vyake. Alipomaliza, Umma alimshika kidevu akamwita "mole", yaani binti. Tangu saa hiyo yeye alikuwa binti wa nyumba, na sisi wawili tukawa tunaletewa tu.

Nazi ile ilikwenda kwenye unnakkaya. Ndizi mbivu huchemshwa na maganda, zikamenywa na kupondwa hadi ziwe kama unga uliokandwa. Bonge dogo hutandazwa kiganjani, hujazwa nazi iliyokunwa na kukaangwa kwa samli pamoja na sukari, iliki, korosho na zabibu, kisha hufungwa na kusokotwa mpaka pande zote mbili zichongoke, ndipo hutiwa mafutani. Kabla yake tulikula pathiri, mikate myeupe ya unga wa mchele, myembamba hivi kwamba unaona kivuli cha mkono nyuma yake, na kuku wa tui. Mtanga alikula kimya. Kwa anayemjua, hiyo ni sifa kubwa.

Jua lilipopanda tukatoka. Kwanza birika la Kuttichira, bwawa kubwa la maji ya kijani lililozungukwa na ngazi za mawe na viti vya wazee. Kandokando yake kuna misikiti ambayo mgeni anaweza kuipita asijue ni misikiti. Haina kuba wala mnara. Paa ni za vigae, zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, na mbao za dari zimechongwa. Mkubwa wao ni Mishkal, lakini huo niuache kwa sababu tuliswali hapo siku ya pili.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Valiyangadi, soko kuu la jumla. Mtaa ni mmoja mrefu, magunia ya mchele, vitunguu, pilipili kavu na kopra pande zote, na wapagazi wamejifunga vitambaa kichwani wakibeba magunia kwa mwendo wa nusu mbio huku wakipiga kelele za kuomba njia. Pilipili manga ilikuwa imeanikwa kwenye trei nje ya duka moja. Mzee mwenye duka alinitilia chembe chache kiganjani na kuniashiria nitafune. Ilianza tamu, karibu na ndimu, kisha ikawasha hadi masikioni. Kwa ajili ya chembe hizi Wareno walizunguka Afrika nzima.

Karibu na hapo ndipo ulipo mtaa wa Wagujarati. Bango la jina lake lipo, na zipo nyumba za zamani za wafanyabiashara waliotoka Gujarat wakatulia Kozhikode vizazi vingi vilivyopita. Niliwaomba wenzangu tusimame, na hapo niliwaeleza sababu iliyonileta.

Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akiwa na meli tatu na bila mtu wa kumpeleka India. Bandarini alikuta merikebu za Wahindi zimetia nanga, maana walikuwa wakija kwetu kila msimu. Sultani wa Malindi alimpa rubani. Tarehe 24 Aprili wakang'oa nanga, kusi inaanza, na tarehe 18 Mei wakaona milima ya Malabar. Siku zisizozidi 25, bahari wazi, bila kupotea. Shuleni niliambiwa rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, yule Mwarabu mashuhuri aliyeandika vitabu vya unahodha. Wanahistoria wengi leo hawalikubali hilo, na taarifa za Wareno wa karne ya 16 zinamtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat. Alikuwa mmoja wa hawa, watu wenye duka upande huu wa bahari na duka upande wa pili, kama walivyo hadi leo Mombasa, Unguja na Kozhikode.

Mtanga aliuliza jina lake ni nani hasa. Nikamwambia hilo ndilo linaloniuma.

Mchana tulikula samaki: vibua vilivyopakwa pilipili, bizari na chumvi vikakaangwa kwa mafuta ya nazi, mchuzi mwekundu wenye uchachu, wali wa punje nene, na mhogo uliopondwa na nazi na manjano. Huo mhogo peke yake ungetosha kunirudisha Kozhikode.

Jioni tukapita Mtaa wa Halua. Jina la Kimalayalam ni Mithai Theruvu, Waingereza wakauita Sweet Meat Street, kwa kifupi S.M. Street, na sasa njia yake imetandikwa mawe ili watu watembee kwa miguu. Vibao vya halua vimepangwa madirishani kama matofali: nyeusi ya sukari guru, nyekundu, kijani ya pista, manjano ya nanasi, nyeupe ya nazi. Ya kwetu Unguja na Mombasa ni ya wanga na samli, laini, huchotwa kwa kijiko ikiwa bado ina uvuguvugu. Ya hapa ni ya unga wa ngano na mafuta ya nazi, na huwa ngumu kiasi cha kukatwa kwa kisu kirefu, kipande kikabaki kimesimama. Muuzaji alitukatia vionjo vyembamba kwenye karatasi. Dada wa Unguja alitoa hukumu: ya kwao inashinda kwa harufu, ya hapa inashinda kwa kusafiri. Akanunua kilo mbili.

Mji huu mwaka 2023 ulitajwa na UNESCO kuwa Mji wa Fasihi, wa kwanza India nzima, na ukitembea karibu na birika la Mananchira unaelewa kwa nini. Vitabu vinauzwa barabarani, na vijana wamekaa kwenye nyasi wanabishana wakiwa na magazeti mikononi. Birika lenyewe lilichimbwa enzi za Samoothiri, watawala wa Kalikuti, kwa maji ya jumba la kifalme. Jumba halipo tena. Maji yapo.

Tulimalizia pwani, pamoja na nusu ya mji. Baharini zimesimama nguzo za magati mawili ya kale yaliyobomoka, ndege wametua juu yake. Kwenye vibanda kuna mitungi ya vioo iliyojaa maembe mabichi, mananasi na karoti zilizolowekwa kwenye maji ya chumvi na pilipili za kijani, na kome waliojazwa unga wa mchele kwenye makaka yao wakakaangwa. Niliagiza embe. Muuzaji alilipasua, akalinyunyizia pilipili ya unga na kunipa kwenye karatasi, na nilikuwa Mombasa, Lighthouse, jioni ya Jumapili. Tulikaa mchangani hadi taa zikawaka, tukinywa chai ya sulaimani, yaani chai ya rangi yenye ndimu na iliki kidogo. Upepo ulikuwa ukitoka bara kuelekea baharini. Mwenyeji alisema kwa upepo kama huu wazee wake wangekuwa wanapakia mizigo ya kwetu.

Ijumaa, Beypore na Mishkal

Tulitoka baada ya alfajiri kwa basi hadi Beypore, mwendo wa kilomita kama kumi kusini, pale mto Chaliyar unapoingia baharini. Hapa ndipo zinapoundwa uru, majahazi makubwa ya mbao, na kazi hiyo imeendelea kwa karne nyingi. Wanunuzi wa siku hizi wengi ni matajiri wa Ghuba, hasa Qatar, wanaozitaka kwa matembezi na mikahawa ya baharini.

Mwenyeji alikuwa na jamaa anayefahamiana na fundi mkuu, tukaruhusiwa kuingia chini ya banda. Chombo kilikuwa juu ya magogo, omo imeelekea mtoni, na ukisimama chini ya tumbo lake unainua shingo kama uko chini ya mbuyu. Harufu ilikuwa ya msaji mbichi na mafuta. Hakuna ramani. Nililiuliza mara mbili kwa sababu ni fani yangu, na fundi akajibu vile vile mara zote mbili, akijigonga paji la uso kwa kidole. Vipimo vyote, tangu mkuku hadi ncha ya tezi, viko kichwani mwake, naye alivipata kwa fundi aliyemfunza.

Alituonyesha kwa mkono namna kazi inavyokwenda. Mkuku hulazwa kwanza, kisha mbao za ubavuni huinuliwa moja baada ya nyingine na kupindwa zifuate umbo, na mataruma huja kutiwa ndani baadaye yafuate mbao. Uhandisi tunaofundishwa chuoni huanza na mifupa, ngozi ikaja baadaye. Hapa ngozi ndiyo inayoiambia mifupa ikae vipi. Mtanga aliinama akatazama maungio kwa muda mrefu. Babu yake alikuwa fundi wa majahazi, na tangu tuanze kusoma pamoja sikuwahi kumsikia akimtaja.

Upande wa tezi mzee mmoja alikuwa akikalafati. Alikuwa na uzi mnene wa pamba uliochovywa mafuta, patasi butu na nyundo ya mti. Aliusukuma uzi kwenye mwanya kati ya mbao mbili, akaupiga mara tatu, akasogea upana wa kidole, akapiga tena. Sauti inabadilika uzi unaposhiba: mwanzo nzito, mwisho kavu. Mtanga alimwomba nyundo kwa ishara. Alipiga kama shubiri moja hivi. Mzee aliukagua kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa ule mtikiso wa Kihindi wa kulia na kushoto ambao maana yake ni kukubali, na Mtanga akasema kwa Kiswahili, "Babu alinifundisha nikiwa na miaka minane." Mzee hakuelewa maneno. Alimwachia nyundo akaenda kunywa chai yake.

Chombo kikikamilika hushushwa majini na makhalasi, watu ambao kazi yao ni kuvuta vitu vizito kwa kamba, kapi na magogo ya kuviringisha, wakiimba ili nguvu zote ziingie kwa pamoja. Mashine ya kuinua haihitajiki. Sifa zao zimeenea India nzima, na kwenye ajali za reli na madaraja wao pia wamewahi kuitwa.

Tulirudi mjini mbio kuwahi Ijumaa. Dada wa Unguja alibaki nyumbani na akina Umma, sisi tukaenda Mishkal na mwenyeji na baba yake.

Msikiti huu ulijengwa karne ya 14 na nahodha tajiri aliyeitwa Mithqal. Ibn Battuta alipofika Kalikuti miaka ya 1340, kama miaka kumi baada ya kupita Mombasa na Kilwa, alimtaja mwenye meli huyo kwa jina, mtu mwenye mali nyingi na vyombo vilivyofanya biashara na China, Yemen na Fars. Bandarini siku hiyo Ibn Battuta aliona merikebu 13 za Wachina. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa macho yale yale, aliiona Kilwa katika fahari yake na Kalikuti katika fahari yake, na hakuna aliyehitaji Mreno ili aifahamu njia.

Ndani ni mbao. Nguzo, dari, milango, vyote ni mbao zilizolainishwa na mikono ya karne, na upepo hupita kutoka mlango hadi mlango hata swala ya watu wengi isiwe na joto. Baba wa mwenyeji alinishika mkono baada ya swala akanielekeza juu. Januari 1510 Wareno chini ya Albuquerque waliuvamia mji na kuutia moto msikiti huu. Samoothiri, mfalme Mhindu, na askari wake wa Kinayar walipigana pamoja na Waislamu wa mji wakawarudisha Wareno majini. Husimuliwa pia kuwa ngome ya Wareno ya Chaliyam ilipobomolewa mwaka 1571, mbao zake zililetwa hapa kuukarabati msikiti. Chaliyam iko ng'ambo ya mto, mkabala na Beypore. Asubuhi tuliitazama bila kujua. Mzee alilieleza jambo hilo la mfalme Mhindu polepole, akarudia, akahakikisha nimelisikia. Nililisikia. Kwa India ya leo ni habari ya kurudiwa.

Nyumbani tulikuta biriani imepakuliwa. Mchele wake ni kaima, punje fupi kuliko ya basmati na yenye harufu, nayo hufunikwa na kupaliwa makaa juu na chini kama ifanywavyo kwetu. Sitaandika zaidi, kwa sababu nitakaa hapa hadi kesho.

Jumamosi, Kappad

Basi la kaskazini, kisha tuktuk kupita kwenye minazi, tukafika Kappad, kilomita kama 16 kutoka mjini. Ufuko ni msafi na mpana, na upande mmoja kuna mwamba ulioingia baharini wenye hekalu juu yake. Watoto walikuwa wakicheza mpira. Kando ya njia, ndani ya uzio mdogo, limesimama jiwe jeupe. Limeandikwa kwa Kiingereza kwamba Vasco da Gama alitua hapa Kappakadavu mwaka 1498. Basi.

Malindi tuna mnara wake, nguzo yenye msalaba wa mawe ya Lisbon, juu ya mwamba unaotazama bahari. Nimeupita utoto wangu wote. Sasa nilikuwa mbele ya jiwe la upande wa pili, na mawe yote mawili yanamtaja mtu mmoja, aliyevuka bahari hii akiwa abiria. Aliyeshika njia, aliyejua kusi inaamka lini na nyota ipi iwekwe upande gani wa mlingoti, hana jiwe Malindi na hana jiwe Kappad.

Dada wa Unguja alikaa mchangani akatusomea kwenye simu habari za safari ile, tafsiri ya shajara iliyoandikwa na mmoja wa mabaharia wa Kireno. Zawadi walizomletea Samoothiri zilikuwa nguo za mistari, kofia, shanga za marijani, mabeseni ya kunawia, sukari, mafuta na asali, na maofisa wa mfalme walizicheka mbele yao, kwa sababu hapa mfalme hupewa dhahabu. Lakini sehemu aliyoirudia kwa sauti ni ya kurudi. Wareno waliondoka Kalikuti mwisho wa Agosti wakiwa wamegombana na mji, na mwanzoni mwa Oktoba wakaanza kuvuka bahari kaskazi ikiwa haijatulia. Kila nahodha wa Malindi na wa Kalikuti angewaambia wangoje. Bahari ile ile waliyoivuka kwa siku zisizofika 25 wakiwa na rubani iliwachukua karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye. Walipoiona pwani ya Somalia, Januari 1499, kila meli ilikuwa na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Malindi iliwapa machungwa na nyama. Kisha mbele kidogo wakaichoma moto meli yao São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

"Waliichomea wapi?" Mtanga aliuliza.

"Mtangata."

Alisimama. Mtangata ni kwao kabisa, kusini ya mji wa Tanga, karibu na magofu ya Tongoni. Amevua samaki hapo na wajomba zake na hajawahi kuambiwa na mtu yeyote. Akatembea hadi kwenye maji, akakaa huko peke yake kwa muda, na hatukumfuata.

Mimi sina neno na jiwe kukaa pale. Da Gama alitua, ni kweli, na yaliyofuata yaliumiza miji yetu yote miwili: Kalikuti ilipigwa mizinga mwaka 1502, na Kilwa na Mombasa zikavamiwa mwaka 1505. Yaandikwe. Ninachotaka ni mstari mmoja zaidi kwenye kila jiwe, useme kwamba aliletwa na rubani wa Gujarat aliyepewa na Malindi, na kwamba njia hiyo ilikuwa ya watu wa bahari hii kabla yake. Mwenyeji alisema upande wao ataanza na mwalimu wake wa historia wa sekondari, ambaye bado anafundisha na ana sauti mjini. Namwamini, ni mtu wa kufuatilia mambo.

Jioni Umma alitufungia wali wa samaki kwenye majani ya mgomba, mafungu matatu, na la nne la unnakkaya kwa ajili ya "mole" peke yake. Mwenyeji alibaki kwao kumalizia likizo. Stesheni alinikumbatia akaniuliza ni mwezi gani mzuri kuja Malindi, Mtanga akadakia kuwa ni lazima ashukie Tanga kwanza, dada wa Unguja akasema wote wawili wanajidanganya. Likizo ndefu ikifika nitakuwa nyumbani. Nitawachukua wadogo zangu hadi mnarani, na habari nitakayowapa itaanza na rubani.